Laptopu ya Mtengeneza Mabango ya Mazishi

Jioni ile niliirudisha laptopu yangu ya mtumba kwa fundi aliyeniuzia, Bra Oteng, kwenye kibanda chake hapa Asafo, Kumasi. Maombi ya kazi yalikuwa yanafungwa saa moja usiku. Digrii ninayo, first class kabisa, na bado nakula ugali wa kenkey wa shangazi ukiwa umeungwa kwa matusi.

Laptopu ilikuwa inajizima. Filamu inacheza mpaka mwisho. Muziki, sawa. Lakini nikigusa barua ya maombi tu...

Oteng alipuliza vumbi kwenye feni, akapaka dawa mpya ya kupoza prosesa, akachomoa betri, akaiwasha mashine kwa chaja peke yake. Nikaandika jina langu kwenye barua: Abrafi Konadu.

Giza.

Ilipowaka tena, bango la mazishi likajifungua. Uso wa mwanamume. Jina hakuna, tarehe hakuna.

Oteng, aliyekuwa akitafuna karanga, akaacha. Akaninong'oneza kwamba mwenye mashine alikuwa akitengeneza mabango ya mazishi kule Bantama. Alifia mezani, akifanya kazi. Ndugu bado wanagombania nani amzike, kwa hiyo maiti imelala kwenye friji ya mochwari, na hakuna aliyemtengenezea bango lake.

"Ukaniuzia huku unajua?"

"Sista, si ulitaka ya bei chee?"

Harufu ya dawa ya maiti ikapanda kutoka kwenye vitufe. Oteng akang'oa chaja, akaitupa sakafuni, akatoka mbio.

Kioo hakikuzima.

Betri iko mezani. Chaja iko sakafuni. Na feni inazunguka... taratibu... kama mtu anayevuta pumzi.

Uso wa yule mtu ukafifia. Picha yangu ya maombi ikaingia mahali pake. Jina langu likajiandika lenyewe. Sehemu ya umri wa kufa ikabaki tupu, kishale kikipepesa, kinasubiri.

Hasira ikanipanda kuliko hofu.

"Chale, rafiki, wewe una friji, na umeme wake haukatiki," nikamwambia marehemu. "Mimi niko hai na sina hata kazi. Nani kati yetu alie?"

Nikajaza umri mwenyewe: tisini na saba. Nikafungua barua, nikaimalizia. Nikabonyeza tuma.

Ikaenda. Ndipo ikazima.

Nimeitwa usaili Jumatatu. Laptopu iko chini ya kitanda, haina betri, na kila jioni inajiwasha. Chini ya umri wangu kuna anayeandika mahali pa mazishi, herufi moja moja.

Mwache aandike. Jumatatu naenda.