Kamba ya Diwani

Siku ya soko mjini Kakamega, duka la Mzee Osiako huwa halina pa kuweka mguu. Huyu anataka jembe, yule misumari, mwingine dawa ya kupe, na wote wanataka kuhudumiwa kwanza. Katikati ya makelele hayo akaingia msichana mmoja mwenye sketi ya kijani ya marinda na blauzi nyeupe iliyonyanyuka mabegani, kama mtindo wa miaka ile ya tisini ulivyodai. Hereni zake za duara zilimchezea mashavuni. Jairus, muuzaji wa kamba na kengele za ng'ombe, aliacha kupima misumari ya watu.

"Nataka kamba," msichana alisema.

"Ya ng'ombe ama ya mbuzi, dada?"

"Ya paka."

Duka zima likaangua kicheko.

"Kwani hamuuzangi?" Msichana alikasirika. Aliweka kikapu juu ya meza, akafunua kitambaa. Kichwa kikubwa cha paka wa rangi ya kutu kikachomoza, kikawatazama wateja kwa dharau, kikarudi ndani. "Huyu ni Diwani. Anakula, analala, na watu wakimlalamikia anageukia upande ule mwingine."

Msichana mwenyewe aliitwa Gentrix. Alifanya kazi katika studio ya picha karibu na posta na alipanga chumba kule Shirere. Mwenye nyumba wake, Mama Muhonja, alikuwa amechoka kupoteza vifaranga, akasema paka afungwe au wahame wote wawili. Lakini Diwani akifungwa kitandani alilia kutwa nzima, hadi majirani wakagonga ukuta. Ndipo Gentrix alipoona katika gazeti la zamani picha ya mwanamke wa Kizungu akimtembeza paka kwa kamba.

"Wao wameweza, mimi nishindwe kwa nini?"

"Dada, umefika," Jairus alisema, akiegemea meza. "Mimi ni mtu wa Shinyalu. Mjomba wangu anafuganga fahali wa kupigana. Mimi ndiye namwongoza kwa kamba mpaka uwanjani, na watu wanaruka mitaro. Paka ni kitu gani?"

Taabu ilianzia hapo. Mwanamume akishamwahidi msichana mzuri jambo mbele ya watu, akili zake huwa hazimsaidii tena.

Jumapili Jairus alifika Shirere na kamba nyembamba, pamoja na mkanda wa ngozi alioushona mwenyewe wa kumvisha paka kifuani. Diwani alipovalishwa tu, alianguka kiubavu kama aliyepigwa risasi. Alipovutwa, aliteleza juu ya nyasi bila kusogeza hata ukucha. Jairus hakukata tamaa. Alitangulia mbele akipiga mluzi, akagonga mkebe mtupu badala ya ngoma, akaimba sifa za Diwani kama zile anazoimbiwa fahali asubuhi ya pambano. Majirani walitoka milangoni. Diwani alianza kujilamba mguu.

"Jairus, huyo si fahali!"

"Ngoja, anasikia utamu wa wimbo."

"Anasikia usingizi! Wewe ulisema unajua."

"Fahali angekuwa ameshasimama," Jairus alinung'unika, jasho likimtoka. "Huyu hana aibu."

Hatimaye ni omena, wale dagaa wakavu, waliofanya kazi. Gentrix alidondosha mmoja hapa, mwingine pale, na Diwani akajivuta kuwafuata huku akijifanya kamba haioni. Kwa wiki kadhaa walihangaika hivyo, mikono ya Jairus ikijaa mikwaruzo, mpaka paka akaweza kutoka mlangoni hadi langoni. Na kusema kweli, kufikia hapo Jairus alikuwa haji tena kwa ajili ya paka.

Simu ya dukani Mzee Osiako aliifunga kwa kufuli, kwa hiyo kila mchana Jairus alikimbilia kibanda cha simu pale posta.

"Haloo, studio."

"Nataka kupigwa picha na paka wangu."

"Jairus, niko na wateja."

"Wangoje. Umekula, dia?"

"Nimekula. Mikwaruzo imepona?"

"Ya mkono imepona. Ya moyo ndiyo inanisumbua."

"Wewe! Wacha upuzi." Lakini alicheka, na mteja aliyekaa kwa picha ya kitambulisho akacheka pia, picha ikaharibika.

Walikubaliana kwamba Desemba wangekwenda Matungu, kwa kina Gentrix, Jairus ajulishwe kwa heshima, akiwa na wazee wake. Kabla ya hapo hakutakiwa hata kumkaribia mama yake Gentrix. Na hata baadaye asingemshika mkono wala kuketi naye benchi moja, maana kwao mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa mbali. Wakikutana njiani, mmoja huchepuka.

Sasa, nani alimwambia mama huyo, Mama Pascalia, aje mjini bila taarifa?

Alikuja kung'olewa jino. Alikuja Jumapili, na kuku wa zawadi kwapani. Gentrix alikuwa jikoni akisonga obusuma, ule ugali wa kwao. Jairus, ndani ya suti yake ya kahawia na tai pana, alikuwa akimpeleka Diwani barabarani kwa maringo, na kwa mara ya kwanza paka alikuwa akitembea vizuri. Walikutana langoni, kwenye kijia chembamba kati ya ua na ua.

Diwani alimwona kuku.

Alizunguka miguu ya mama, akapita katikati ya miguu ya Jairus, akazunguka tena. Kamba ikakaza. Jairus alimdaka mama kiunoni asianguke, na wakaanguka pamoja matopeni, kuku akipiga kelele juu yao.

"Pole, mwanangu," mama alihema. "Hapa ndipo kwa Gentrix? Mimi ni mamake."

Jairus alitazama uso ule, akaona ni Gentrix kabisa. Akapiga yowe. Alichomoa mguu kwenye kamba, akaacha kiatu, akatumbukia katika shamba la mahindi bila hata salamu. Gentrix alitokea na mwiko mkononi, akauwahi mgongo tu wa suti ya kahawia ukitokomea.

"Huyo ni nani?" mama aliuliza.

Gentrix aliutazama mwiko wake. "Ni mtu wa... wa kufunza paka."

"Hiyo kazi haiwezi," mama alisema, akijipangusa.

Tangu siku hiyo simu ya studio ilikuwa kimya wakati wa chakula. Gentrix alivumilia, akashindwa, akapiga dukani.

"Jairus yuko hapa," Mzee Osiako alisema. "Ila anasema nikwambie hayuko."

"Mwambie nimesikia!"

"Anasema pole."

Gentrix alikata simu kwa hasira. Basi ni hivyo, aliwaza. Kucheza na paka anaweza, lakini ndoa ikija na kanga yake na kuku wake, anakimbia. Aliumia sana. Alikuwa anampenda yule mpumbavu. Alijifungia katika chumba cha giza cha kusafishia picha akalia, na alipotoka aliwaambia wateja kwamba ni dawa zilizomwingia machoni.

Ni mama aliyekiona kiatu.

"Mtu wa paka," alisema polepole, shavu limevimba kwa jino lililong'olewa. "Kiatu chake unakipigia rangi na kukilaza chini ya kitanda chako?"

Gentrix akamwaga yote, akilia. "Ameniacha, mayi! Mwanamume anayenitaka angekimbia hivyo?"

"Alikimbia kabla ya kujua mimi ni nani, ama baada?"

"Baada! Ulipotaja tu."

Mama alianza kucheka, ameshika shavu kwa maumivu. "Wewe umekaa town mpaka umesahau kwenu. Angekuwa anakuchezea, angenisalimia kwa mkono, aniulize habari ya miwa, na keshokutwa apotee. Mtu hakimbii mama wa msichana, Gentrix. Anakimbianga mama mkwe."

Gentrix aliacha kulia ghafla. Alichukua koti aende dukani, kumkumbatia au kumpiga, hakujua. Hakufika mbali. Langoni palikuwa na vurugu: Jairus katika ile suti ya kahawia na gambuti, akimvuta mbuzi aliyekataa katakata kusogea. Alipomwona mama mlangoni aliruka nyuma ya ua, akageuka, akampa mgongo. Mama naye akageuza kigoda chake, akatazama ukuta.

"Gentrix," Jairus aliita, "mwambie mama kwamba mjomba wangu amesema mbuzi atangulie kuondoa aibu, ndipo mimi nifuate."

Gentrix alitembea hadi kwa mama, akasema.

"Mwambie aibu imeisha. Niliangushwa na paka, si yeye."

Gentrix akarudi langoni. "Umesikia? Na simu je? Kwa nini hukupiga?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimemshika mama yako kiuno?" Alizungusha kamba ya mbuzi mkononi. "Nilifikiri nimekupoteza. Mwambie mama nataka kukuoa, wazee watakuja."

"Jairus, geuka."

"Mama yuko hapo."

"Amekupa mgongo. Geuka uniulize mimi. Nimechoka kubeba maneno kama posta!"

Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Gentrix, utakubali nikuoe?"

"Nitakubali, mpenzi. Na nyumbani kwetu hakuna wimbo wa fahali."

Diwani, aliyekuwa amevalishwa mkanda wake, alitoka mlangoni akiburuta kamba mwenyewe. Hakuna aliyemvuta wala kumdondoshea omena. Alipita mbele ya mbuzi aliyelala, akaketi juu ya gambuti za Jairus.

"Amekubali, nimesikia!" mama aliuambia ukuta. "Sasa ingizeni huyo mbuzi, mnanichosha. Na wewe Gentrix, njoo umpelekee mume wako kiatu. Mimi siwezi kumpa mkononi."