Mkono Wangu Si Ushuhuda Wako

"Mungu aliuunguza mkono wa mchumba wangu ili aniokoe mimi!"

Kanisa likalipuka kwa makofi. Kwenye benchi la mbele, binti mwoka mikate akauficha mkono wenye makovu ndani ya mtandio.

Aliyeshika kipaza sauti alikuwa Chachu, mchumba wake na mwoka mwenzake. Mwaka jana alikuja kazini amelewa, akaubamiza mlango wa tanuri mkono wa binti wa watu ukiwa ndani. Tangu hapo hakuonja pombe tena. Jumapili iliyofuata, tangazo la mwisho la ndoa yao lingesomwa.

Nje, binti alimvuta kando.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa kuni?"

"Mpenzi, usikufuru. Bila yale mateso ningekuwa mlevi hadi leo. Mungu aliruhusu."

"Na aliyelewa nani?"

"Yule alishakufa. Mimi ni mtu mpya."

"Basi mtu mpya, leo funga mlango."

Chachu akanywea. Tangu ajali hakuwa amefunga mlango wowote. Chumbani, stoo, hata chooni. Wenzake walimtania: "Wewe ulizaliwa sokoni?"

Nyumbani, mama naye akaja na yake.

"Mwanangu, huo ni msalaba wako. Ubebe kimya."

"Mama, Yesu aliukubali wake. Mimi nilibamizwa."

"Una ulimi wewe!"

"Ndio uliopona."

Jioni binti akamwandikia Chachu: "Usiseme Mungu aliniunguza. Sema wewe."

Jibu likaja: "Kujilaumu ni kukataa neema. Tusifukue makaburi."

"Kaburi gani, na mimi nalipaka dawa kila asubuhi?"



Jumapili ikafika. Mchungaji akasoma tangazo, akainua macho.

"Mwenye pingamizi aseme sasa."

"Ninalo mimi."

Bibi harusi mwenyewe alikuwa amesimama!

"Binti, vipi tena?"

"Mchungaji, aliyeniunguza hajaniomba msamaha hata siku moja. Na huyu ninayeolewa naye anasema alishakufa. Sasa nimsamehe nani?"

Chachu akasimama.

"Ni mimi. Ulisema, 'Subiri, mkono.' Nilisikia. Nikacheka, nikabamiza. Mungu hakunituma. Kila mlango ukigonga, nakusikia ukipiga kelele. Nisamehe. Ukinikataa, sitasema ni shetani."

Binti alitembea hadi mlango wa kanisa, akaweka mkono wa makovu kwenye fremu.

"Njoo ufunge."

Chachu akaja, akashika kitasa, jasho likimtiririka.

"Toa mkono kwanza."

"Nini?"

"Toa mkono, tafadhali. Nasubiri."

Machozi yakamtoka binti. Akautoa.

Chachu akaufunga mlango taratibu. Kitasa kilipolia, wote wawili walishtuka.

"Endelea kusoma, Mchungaji," binti akasema.