Kitambi cha Mtu Mwingine

Mama Chausiku, jirani wa ukuta mmoja na Mwanahawa, aliapa kwamba ameona kwa macho yake. Alikuwa akipiga deki Jumba la Miili, lile ghorofa la vioo karibu na bandari ya Tanga, akakuta mlango mmoja umeachwa wazi. Ndani, vitanda viwili. Kwenye kimoja kijana wa kitajiri, tumbo limeingia ndani, kifua kama kimechongwa, anatafuna minofu ya kuku huku roboti ikimkunja na kumkunjua mikono. Kwenye cha pili, Mhina. Katikati mashine inakoroma, imetoa mipira miwili: mmoja unampelekea Mhina kitu cha njano, kizito kama samli ya baridi, wa pili unarudisha kwa kijana kitu chekundu.

"Mumeo kabisa, Mwanahawa. Hata kile kiraka cha suruali nimekiona."

Mwanahawa aliendelea kuchambua mchele.

Kwa miezi mitano mtaa mzima ulikuwa ukimsifu. Roboti zilipochukua kazi yake ya ukuli bandarini, Mhina alisema amepata kazi ya ulinzi, kukaa tu kivulini. Akanenepa. Mashavu yakajaa, shingo ikazama mabegani. "Ndoa imemkubali! Tupe na sisi hayo mapishi, shoga," wanawake walimtania kwenye foleni ya maji. Mawifi zake walimletea doti ya kanga, kumshukuru kwa kumtunza kaka yao. Naye aliipokea kwa mikono miwili, akazidi kumpakulia mumewe.

Ila kuna mambo aliyaona, akayanyamazia. Jasho la Mhina lilinuka siagi na nyama ambazo hazikupita jikoni kwake. Alidhani kuna mwanamke. Na mtungi wa gesi, ambao zamani Mhina aliubeba kwa mkono mmoja, siku hizi aliuburuza.

Jioni Mhina aliporudi, mkewe alimwambia avue shati. Chini ya kwapa kulikuwa na matundu mawili yaliyozibwa kwa plasta.

"Inaitwa kihamisho," Mhina alisema, macho chini. "Mtu akitaka misuli, sharti ale sana. Akila sana anaota kitambi. Yule kijana kitambi hakitaki. Basi anakula yeye, mafuta nayapokea mimi."

"Na mikono yako?"

"Wanachota mbegu za misuli, wanampandikiza yeye. Zangu zimekomazwa na magunia, wanasema hazina mfano."

"Kwa hiyo tumbo ninalolala nalo ni la mtu."

"Ni langu sasa. Mbona ulikuwa unalipapasa ukicheka?"

Mwanahawa alitoka nje, akatema mate, akarudi. "Kesho usiende."

"Nikiacha nitafanya kazi gani? Hata ndoo siinui, mke wangu."

Akajilaza kifudifudi kwenye mkeka, kama kila jioni, akisubiri kukandwa. Nyama za mgongo zilitandazika pande zote mbili, laini, zikitetemeka zenyewe. Pembeni ya plasta tone la njano lilikuwa likijipenyeza taratibu, likinuka siagi.

Mwanahawa alichovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua. Akasimama nacho. Hakujua ngozi ya mumewe ilianzia wapi, na ya yule kijana ilianzia wapi.

"Nikande basi, Hawa," Mhina alisema, uso umezama kwenye mkeka. "Mgongo unavunjika. Nikande, maji yanapoa."