Ndege Mbili Mpaka Kwako

"Uko wapi? Mbona kelele hivyo?"

"Uwanja wa ndege. Nakuja."

Dada mtangazaji, naye kazini kwenye uwanja wa ndege wa kwao, alifunika kipaza sauti kwa kiganja, kana kwamba abiria wote wangesikia. Kazi yake ilikuwa kutangaza safari za watu, na hakuwahi kuota kwamba moja ingekuwa ya kuja kwake.

"Unakuja kufanya nini? Si ulisema nichague, wewe au mama? Nikachagua."

"Nina neno. Kwenye simu halisemeki. Wanatuita tupande, nizime."

"Fundi, ngoja..."

Simu ikakatika. Fundi lifti, aliyekuwa mchumba wake kabla ya kwenda kutafuta kazi ng'ambo, alikuwa anakwenda kupanda ndege.

Safari ile ilikuwa ya ndege mbili, na katikati kusubiri kwingi. Jioni dada alipomwandalia mama yake chai, mawazo yalikuwa mawinguni.

"Mwanangu, umetia chumvi kwenye chai," mama alisema, akiweka kikombe chini. Miguu yake ilikuwa haina nguvu tangu augue, na ngazi za ghorofa yao hakuziweza tena. "Kuna nini?"

"Fundi anakuja."

"Saa hizi yuko wapi?"

"Juu ya bahari, nadhani."

Akamwona kabisa kwa mawazo: paji la uso kwenye kidirisha, mawingu yakipita chini yake kama pamba iliyochambuliwa.

"Mama, kama ameoa huko? Kama anakuja kuniaga?"

"Mtu apande ndege mbili aje kukwambia amekuacha? Kwani meseji zimeisha?"

Binti akacheka huku machozi yakimlengalenga.

Alfajiri meseji ikaingia: "Nimebadilisha ndege. Huku bado giza. Kwenu kumeshakucha?"

Akajibu: "Kunakucha." Akafuta "mpenzi". Akaiandika tena, akatuma.

Mchana ilipotua ile ndege, alitangaza mwenyewe. Sauti ikamkwama katikati ya sentensi. Mwenzake akamtazama.

"Una mafua?"

"Nishikie zamu, shoga yangu. Dakika tu."

Fundi alitoka akisukuma kitoroli kilichojaa masanduku. Amekonda, macho mekundu kwa usingizi.

"Mizigo yote hiyo ya nini?"

"Sina kilichobaki kule."

"Umefukuzwa kazi?"

"Nimeacha. Kila ukiamka, mimi ndipo nalala. Nikiwa na la kukuchekesha, wewe umelala. Nikachoka kukupenda kwa zamu."

Dada akakosa pa kuweka mikono.

"Na mama yangu je?"

"Sikupaswa kukwambia uchague. Mama ni wetu sote. Nitambeba ngazi zote mpaka nimtafutie nyumba ya chini."

Wakaketi kwenye benchi kando ya mlango. Watu walipita, wengine wakilia, wengine wakikumbatiana.

"Neno lenyewe ni hili," fundi akasema taratibu, kichwa kikimwegemea begani. "Nikuoe?"

Dada akatazama ndege nyingine ikinyanyuka nje ya kioo, nyeupe, kimya, mpaka ikapotea.

"Ndiyo," akasema. "Nioe hata kesho."

Fundi alikuwa anakoroma.

Hakumwamsha. Alikaa vivyo hivyo, bega likifa ganzi, akisikia pumzi zake karibu kuliko simu yoyote ilivyowahi kuzileta. Mwenzake alichungulia, akaona, akarudi kutangaza mwenyewe.

Baadaye fundi akashtuka.

"Nimelala? Ulinijibu nini?"

"Uliza tena," akasema dada. "Nataka kulisema ukiwa macho."