Mfumo wa Bure Dukani kwa Hasnain

Duka la vipuri la Hasnain, mjini Shinyanga, lilikuwa limefurika wachimbaji wanaosukumana, na Dorah, mhudumu wa kaunta, ndani ya gauni la kitenge cha njano, alikuwa akiipiga kompyuta makofi ya mgongoni.

"Dada, utaiua hiyo," kijana mmoja mrefu alisema akicheka. "Niachie mimi."

"Wewe nani, daktari wake?"

"Herman, fundi kompyuta wa Geita. Ukitaka niwe daktari wako pia, sema."

Wachimbaji wakaangua kicheko. Dorah alijitia kununa, lakini moyo ulikuwa umeshanasa. Ikawa simu kila jioni, "laazizi" huku, "asali wangu" kule. Jambo moja tu liliwagombanisha: Herman alitaka Dorah aache kazi akaishi naye Geita. Dorah, aliyeisotea kazi hiyo mpaka akaipata, hakutaka hata kulisikia.

Jumamosi moja ya mwaka 1999, Hasnain alimruhusu Herman aisafishe ile kompyuta iliyojaa virusi. Herman akaona amfanyie mpenzi wake jambo kubwa. Aliifuta Windows yote, akaweka Linux, mfumo wa bure alioupenda kama mboni ya jicho. Kumbukumbu za duka alizihifadhi kwenye disketi, akapanda basi la Geita akipiga mluzi.

Jumatatu mambo yakaharibika. Kompyuta iliwaka upesi, rangi zake za kupendeza, lakini programu ya vipuri, ile inayoonyesha kipuri gani kinaingia kwenye pampu gani na kiko rafu ipi, haikufunguka. Mbele ya kaunta alisimama Ngusa, mchimbaji wa Segese, matope hadi magotini.

"Bhebhe, wewe dada, fanya haraka! Duara linajaa maji, hatuwezi kushuka shimoni, pampu imekufa!"

Dorah aliwapigia simu waliouza programu, Dar es Salaam.

"Linux? Pole dada, huo hatuuhudumii. Sisi ni Windows tu."

Hasnain alikuwa amesikia yote. "Fundi huyo ni wako, Dorah. Kesho tukifungua isipofanya kazi, natafuta mtu mwingine wa kaunta."

Dorah akampigia Herman.

"Umefanya makusudi!"

"Makusudi gani, mpenzi?"

"Nifukuzwe, nije Geita kukupikia! Si ndicho ulichotaka?"

"Naapa, sikujua kama programu itagoma..."

"Hukujua kwa sababu hukuniuliza. Usinipigie tena!"

Aliibamiza simu. Kutwa nzima akapekua rafu moja moja mpaka Ngusa akapata kipuri chake, na kila mteja aliyefuata alimtukana kwa kuchelewa.

Herman hakupiga tena. Kesho yake asubuhi duka lilipofunguliwa alikuwa mlangoni, shati jeupe limegeuka jekundu kwa vumbi, CD za Windows mkononi.

"Shikamoo mzee. Kosa ni langu peke yangu, Dorah hakujua. Niruhusu nirudishe kama ilivyokuwa."

"Marahaba. Ikishindikana, nyote wawili nje."

Herman akaketi. Dorah alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Kuifuta Linux kwa mkono wake mwenyewe kulimuuma Herman, lakini aliifuta. Windows ikaingia, na programu ya vipuri ikaingia kutoka kwenye CD yake iliyokuwa dukani. Disketi ya kwanza ya kumbukumbu ikasoma, ya pili ikakwaruza na kugoma. Dorah akafumba macho. Herman akaitoa, akaipuliza, akairudisha. Ikasoma.

Dorah aliandika jina la pampu, na vipuri vyake vikajipanga kwenye skrini. Hasnain akaguna, akarudi ofisini kwake.

"Nilikuletea ninachokipenda mimi," Herman alisema kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

"Nikusamehe, halafu uniambie tena nihamie Geita?"

"Hapana. Safari hii nauliza. Nikihamia mimi, nikapanga chumba hapa Ngokolo, nikatafuta kazi huku, utakubali nikuoe?"

"Na kazi yangu?"

"Ni yako. Siigusi."

Dorah alimpangusa vumbi la begani. Alikuwa bado na hasira, na alikuwa akimpenda vibaya sana.

"Basi nenda Didia kwa baba ukajitambulishe," alisema akigeukia kaunta, machozi yakimtoka huku anacheka. "Mimi nina wateja."