Siku ya Nane katika Daftari la Babu Eligio

Wewe unayesoma, redio uliisikia. Ilisema dhoruba inakuja, ikataja na siku yenyewe, nawe ukazungusha kitufe ukatafuta muziki. Mto ulipochukua watu ukashika kichwa: "Maskini, ajali haina kinga." Kinga ilikuwepo. Uligeuza uso usiione. Basi leo usigeuze tena. Kaa hapa usikilize habari za Deyanira.

Deyanira Batista alikuwa na miaka kumi na miwili, na kila asubuhi kazi yake ya kwanza ilikuwa nyumbu. Si nyumbu wa mbugani. Ni wale wanaozaliwa na punda na farasi, wanaobeba mizigo ya wapanda milima kutoka kijiji cha Los Jobos hadi kilele cha mlima Pico Duarte. Aliwakatia majani, akawanywesha, akawasugua migongo, maana jiwe dogo chini ya matandiko huzaa kidonda kikubwa. Babu yake, Eligio, alikuwa na nyumbu watano. Mkubwa wao alikuwa jike mweupe mwenye sikio lililopasuka, jina lake Paloma.

Miaka tisa nyuma Paloma alirudi kijijini peke yake, shogi, ile mifuko ya mizigo ya mgongoni, zikichuruzika maji, kamba ikiburuta chini. Aliyekuwa akimwongoza ni Anselmo, baba yake Deyanira. Kijito cha La Guinea kilikuwa kimefurika. Magazeti ya jiji yaliandika majina ya wageni wanne waliookolewa, na mmoja akapigwa picha akinywa kahawa. Anselmo waliandika "mwongoza nyumbu mmoja", basi. Alikuwa na jina: Anselmo Batista. Lirudie kwa sauti.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti, mama yake Deyanira, Nereida, alikuwa jikoni akiponda ndizi za kuchemsha na kukaanga soseji za salami kwa ajili ya wageni kumi na wanne, walimu kutoka Santiago waliokuja kupanda mlima kwa siku tatu. Redio ilikuwa dirishani.

"Dhoruba kali itafika kesho alasiri," ilisema. "Wakazi wa milimani wasivuke mito wala vijito."

Mkono ukapita dirishani, ukaipunguza sauti. Ulikuwa mkono wa Fausto, mwenye kampuni iliyowaleta wageni.

"Dada Nereida, utawatisha watu wangu. Tangu lini redio ya mjini ikaijua milima yetu?"

"Yetu na nani, Fausto? Viatu vyako havijawahi kuonja tope."

Walimu waliokuwa wakinywa kahawa uani walicheka. Fausto naye alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Akamgeukia Babu Eligio. "Mzee, waambie wageni wetu. Daftari linasemaje?"

Daftari lilikuwa fahari ya Babu. Wazee wa milima ile husoma anga siku kumi na mbili za mwanzo wa Januari: siku ya kwanza ni Januari yenyewe, ya pili ni Februari, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili. Siku ikinyesha, mwezi wake utanyesha. Babu aliandika anga hizo kwa miaka arobaini. Mwaka aliokufa Anselmo, siku ya tisa ilikuwa na mvua, na Babu akaonya kwamba Septemba itakuwa mbaya. Fausto hakumsikiliza. "Safari imeshapangwa," alisema. Tangu hapo Babu aliliamini daftari kuliko kitu chochote. Alipopata mtoto wa jicho, kalamu akampa mjukuu wake.

"Deyanira, lete daftari usome siku ya nane," Babu aliagiza. "Wasikie wenyewe."

Alilileta. Alilifungua bila kuinua macho. "Jua kutwa," alisoma. "Hakuna wingu."

"Mnaona?" Fausto alipiga makofi. "Miaka arobaini! Fungeni mizigo."

"Eligio, baba, redio imesema kesho," Nereida alisema taratibu.

"Redio haikumjua Anselmo," Babu alijibu. "Daftari lilimjua."

Nereida akarudi kwenye sufuria.

Deyanira alikwenda kufunga shogi. Chelo, rafiki yake wa jirani, alikuja kumshikia kamba.

"Siku ya nane?" Chelo alinong'ona. "We mwongo! Siku ile si ulikuwa kwetu unatazama mechi ya besiboli? Mvua ilipiga bati mpaka tukawa hatumsikii mtangazaji!"

"Nyamaza, Chelo."

"Uliandika jua gani, la kwenye televisheni?"

Deyanira aliinama akivuta kamba. Ilikuwa kweli. Siku ile Babu alilala na homa, naye akakaa kwa Chelo kutwa nzima. Aliporudi, aliandika haraka haraka maneno yaleyale ya siku ya saba, akijiambia kwamba siku moja tu haitadhuru. Sasa alipofikiria kusema ukweli, aliona uso wa Babu mbele ya wageni kumi na wanne. Aliona aibu yake. Bora anyamaze, pengine dhoruba ingepita mbali.

Akapitisha kamba chini ya tumbo la Paloma, akakaza. Paloma akageuza shingo, akaweka pua yake begani kwa Deyanira kama anavyofanya kila asubuhi. Na Deyanira akajiuliza: safari hii Paloma akirudi peke yake, nani atakuwa amebaki kule juu? Njia ya kileleni inavuka La Guinea mara nne. Aliyekuwa akienda kuongoza msafara alikuwa Babu.

Aliiachia kamba. Alikimbia mpaka katikati ya uwanja, mbele ya watu wote.

"Babu, nilidanganya!" Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Siku ya nane sikutazama anga. Ilinyesha. Nilikuwa kwa kina Chelo, nikaandika tu. Daftari halijasema jua, ni mimi!"

Babu alisimama na ile kofia yake ya majani mkononi, akiizungusha ukingo pole pole.

Fausto ndiye aliyeanza. "Jamani, mtoto! Anataka tu tusiende ili alale." Akachukua mfuko mmoja, akautia kwenye shogi. "Twendeni, tunachelewa."

"Ngoja kwanza." Aliyesema ni Bi Migdalia, kiongozi wa wale walimu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya darasani. "Bwana Fausto, jana nilikuuliza habari za hali ya hewa. Uliniambia mvua kidogo. Hiyo redio inasema nini?"

Nereida hakungoja jibu la Fausto. Aliileta redio uwanjani, akaiweka juu ya ngazi, akaipandisha sauti mpaka mwisho. Kila mtu alisikia: upepo, mafuriko, msivuke.

"Ulijua," Bi Migdalia alisema.

"Mnataka kilele au hamtaki?" Fausto alifoka. "Eligio, kama wewe umekuwa mwoga, nyumbu wengine wapo Las Palomitas, kijiji cha pili. Na msimu ujao usitegemee kuitwa!"

Babu alivaa kofia yake. Alimwendea Paloma, akautoa ule mfuko, akauweka chini miguuni kwa Fausto. "Miaka tisa nilitaka kukwambia neno hili, leo mjukuu wangu amenifungulia mdomo. Nyumbu wangu hawapandi."

Fausto aliondoka na gari lake akitimua vumbi. Lakini kwenda Las Palomitas kwa gari ni kuzunguka mlima mzima. Kwa njia ya shamba la kahawa, nyumbu anakata moja kwa moja na kutangulia.

"Deyanira!" Nereida aliita. "Mpande Paloma. Wape habari waongozaji wote wa kule, na wewe Chelo nenda naye. Waambieni redio inasema nini, na waambieni Eligio amekataa."

Fausto alipofika Las Palomitas alikuta nyumbu wanane wakila majani na wenye nyumbu wamekaa juu ya matandiko. Hakuna aliyeinuka.

Uwanjani, Bi Migdalia na Babu walichora njia mpya kwa kijiti mchangani. Kileleni hapana. Leo wataenda mpaka kwenye kilima cha El Vigía, njia isiyovuka maji hata mara moja, na kurudi kabla ya saa nane. Kisha watakaa katika shule, yenye kuta za zege. Vijito vikishuka, watapanda. Mwalimu mmoja kijana alinung'unika kwamba Ijumaa lazima arudi kazini.

"Basi mlima utaonana nao mwaka kesho," Bi Migdalia alimwambia. "Hauhami."

Dhoruba iliingia Jumatano saa tisa, kama ilivyosemwa. Mabati matatu yaling'oka. La Guinea ililichukua daraja la magogo zima zima, na mawe yalisikika yakigongana mpaka shuleni. Ndani, Bi Migdalia aliwahesabu watu wake: kumi na wanne. Akahesabu tena, kwa raha tu.

Jumapili walimu tisa walipanda na Babu, wakivuka kwa fimbo na kamba, maji yakiwafika magotini. Walirudi wamechoka, wakicheka, na Paloma alikuwa mbele yao.

Siku waliyorudi, Babu alimpa Deyanira kalamu tena. Deyanira alitazama chini. "Bado unaniamini, Babu?"

"Andika ulichokiona, mwanangu. Na tarehe."

Nereida alikaa karibu yao, akiwa na kikombe cha kahawa. "Msikilize mama yako," alisema. "Kosa lako lilikuwa kuandika usichokiona. Kosa la baba Eligio lilikuwa kuiuliza Januari habari za Agosti. Hata kama ungeandika sawasawa, dhoruba haisomi daftari letu. La Fausto halikuwa kosa. Yeye alijua, akanyamaza. Mtu akikosea, akasema, anaokoa watu. Anayejua akanyamaza anaua, hata kama mikono yake haina damu. Wewe ulisema mapema, ndiyo maana tunakunywa kahawa hii."

Babu aliitikia kwa kichwa, akaomba sukari.

Na wewe, umemaliza kusoma? Bado. Washa redio sasa hivi, usikilize habari za hali ya hewa mpaka mwisho. Kisha mtafute yule unayejua kesho ataambiwa avuke maji, apande mlima au aingie ziwani kwa sababu "safari imeshapangwa". Mwambie asiende. Usingoje mtu mwingine aseme. Inuka umwambie.