Mama Kasi Ahama Mfumo

Asubuhi, watoto wakishaenda shule, kinyozi hutoka kwenda kufungua banda lake la kunyolea. Mkewe hubaki nyumbani, hukaa mezani karibu na dirisha, huvaa spika za masikioni na kuanza kazi. Kazi yake ni kuandika maneno ya watu. Ofisi moja humtumia sauti za mikutano na mahojiano, naye husikiliza na kuandika neno kwa neno. Mguu wake hukaa juu ya pedeli, kama mtu wa cherehani. Akikanyaga, sauti inaendelea. Akiachia, inasimama.

Mke huyu haoni tangu akiwa mdogo. Kompyuta humsomea kwa sauti kila kilicho kwenye kioo, naye huiamrisha kwa vitufe tu. Sauti hiyo huiendesha mbio mpaka mtu mwingine haambulii hata neno moja. Ndiyo maana majirani wakamwita Mama Kasi, na jina likamganda.

Siku moja ofisi ilimpigia simu.

"Mama, tunahama," alisema msimamizi. "Tuna programu mpya, na inatumia mfumo mwingine wa kompyuta. Kuanzia mwezi ujao kazi zote zitapitia huko."

"Na asiyehama?"

"Itabidi tutafute mtu mwingine, Mama. Samahani sana."

Hapa tuelewane kwanza, msomaji wangu. Mfumo ndio unaoendesha kompyuta nzima. Programu iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja, mara nyingi haifunguki kwenye mfumo mwingine. Kompyuta ya Mama Kasi ilikuwa nzima kabisa, ila mfumo wake ndio haukutakiwa tena.

Mama Kasi alikosa raha. Kazi hii aliipata baada ya kufukuzwa kwa maneno matamu katika ofisi nyingi. Kila mahali aliambiwa, "Tutakuita," na hakuna aliyeita.

"Hii ikinitoka, nani mwingine atanichukua?" alimwambia mumewe.

Kinyozi aliumia. Ni mtu mwenye moyo mzuri, huyu bwana, lakini ugonjwa wake ni pupa. Hakuuliza mtu. Alichukua akiba ya nyumba, akaenda dukani peke yake, akautaja ule mfumo mpya, akasema, "Nipe laptopu ya mfumo huu, iliyo bora kuliko zote." Muuza duka hakumpinga. Nani humpinga mteja wa namna hiyo?

"Shika, mke wangu," alisema aliporudi. "Hata mabosi wako hawana hii."

Mama Kasi aliipapasa. Ilikuwa nyembamba na laini, naye alifurahi kweli. Kinyozi akaanza kuisifu. "Kioo chake ni cha hali ya juu, rangi zinang'aa. Halafu vitufe vina taa. Unaweza kuandika hata gizani."

Mama Kasi alivipapasa vitufe. "Taa hiyo ni ya nani, mume wangu?"

Wakacheka wote wawili, ingawa kicheko cha kinyozi kilikuwa na haya ndani yake.

Baada ya hapo hapakuwa na kicheko. Waya wa pedeli haukuingia, kwa sababu matundu ya laptopu mpya yalikuwa madogo. Vitufe alivyovizoea miaka yote havikuitika. Alibonyeza hiki, kikafanya kile. Kufika mchana alivua spika za masikioni akalia.

"Vidole vyangu ni kama si vyangu," alisema.

"Nimekuharibia, mke wangu."

"Hujaniharibia. Lakini hukuniuliza."

Neno hilo lilimchoma kinyozi kuliko matusi. Akavuka kibaraza, akabisha hodi kwa jirani yao, mwanamke anayefundisha kompyuta katika madarasa ya jioni. Wote humwita Mwalimu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Shemeji, risiti unayo? Na boksi?"

"Vyote vipo."

Mwalimu akaisoma risiti. "Bahati imekupenda. Wanapokea bidhaa ikirudishwa ndani ya wiki, kama haina mkwaruzo. Siku nyingine uliza hilo kabla hujatoa hela."

"Kwa hiyo ninunue ya bei rahisi?"

"Usiruke tena, shemeji," Mwalimu alisema. "Rahisi nayo hugeuka ghali ikishindwa kazi. Sikiliza. Kuhama mfumo hakuna mjadala, ofisi imeshaamua. Swali lililobaki ni laptopu ipi. Wewe ulichagua kwa macho, na mkeo anafanya kazi kwa masikio. Kesho twende naye, na abebe kazi yake aijaribu palepale."

Kesho yake walikwenda watatu, kinyozi amebeba ile laptopu ya ghali ndani ya boksi lake. Mama Kasi alibeba pedeli, spika zake za masikioni, na sauti ya mkutano mrefu kuliko yote aliyowahi kuandika. Muuza duka akamgeukia kinyozi. "Shemeji angependa ya rangi gani?"

"Niulize mimi, kaka," alisema Mama Kasi. "Mtumiaji ni mimi."

Muuza duka aliomba radhi, akaleta laptopu ya bei nafuu. Mwalimu akawasha msomaji wa sauti, ile programu inayosoma kilicho kwenye kioo. "Huyu amo ndani ya mfumo wenyewe," alieleza. "Hanunuliwi, na ni yuleyule kwenye rahisi na kwenye ghali."

Mama Kasi akaongeza mwendo wa sauti. Muuza duka alishangaa. "Hiyo ni lugha gani?"

"Inanisomea bei zako."

Hata Mwalimu alicheka. Kisha wakaanza kujaribu. Walifungua programu ya ofisi, ule mkutano mrefu, na ukurasa wa kuandikia, vyote kwa pamoja. Mama Kasi akaandika kwa kasi yake ya kawaida.

"Sauti inachelewa nyuma ya vidole?" Mwalimu aliuliza.

"Haichelewi."

"Hilo ndilo nilitaka kujua. Ingekuwa inakwama leo ikiwa mpya, mwakani ingekutesa."

Pedeli ilihitaji adapta, kijiwaya kifupi cha kuunganisha tundu kubwa na dogo. Duka lilikuwa nacho. Mama Kasi hakukubali kinunuliwe mpaka alipokanyaga akasikia sauti inasimama. Halafu wakarudia majaribio yote kwenye ile laptopu ya ghali.

"Tofauti ni ipi?" aliuliza kinyozi, na safari hii alimwuliza mkewe.

"Spika zake ni nzuri zaidi. Lakini mimi natumia za masikioni."

"Ya rahisi ina nafasi ndogo ya kuhifadhi," Mwalimu aliongeza. "Kazi ukishamaliza unabaki nazo?"

"Hapana. Ofisi ikishapokea, mimi nafuta."

"Basi itakutosha. Ungekuwa mtu wa kukata video, ningekuambia beba ya ghali bila kusita."

Mama Kasi aliiweka mikono yake juu ya ile ya nafuu. "Naichukua hii."

Duka lilipokea laptopu ya ghali na kurudisha hela iliyozidi. Sehemu yake ililipia masomo ya Mwalimu, kwani kuhama mfumo ni kama kuhama nyumba. Usiku wa kwanza hata mlango wa jikoni unakupotea. Nyingine ilirudi kwenye akiba.

"Ya zamani msiiuze kwanza," Mwalimu aliwaonya. "Nakili kazi zako zote kwenye flashi. Asubuhi fanya kazi na ya zamani, mchana jifunze mpya. Usihame kwa siku moja."

Mwalimu alimrekodia amri zote za vitufe kwa sauti yake. Mama Kasi alizisikiliza akiosha vyombo, akazisikiliza akikunja nguo. Kuna siku alikasirika akataka kuacha. Watoto wakamtania, "Siku hizi ni Mama Taratibu." Alicheka, akarudi mezani.

Mwezi mpya ulifika, na kazi ya kwanza ikaja kwa mfumo mpya. Aliiandika, akairudia kuisikiliza, akaituma. Jioni hiyo kinyozi alifunga banda mapema. Alimkuta mkewe mezani, kompyuta inapayuka maneno mbiombio. Aliinama, akatega sikio, akatoka patupu.

"Inasema nini, mke wangu?"

Mama Kasi aliisimamisha sauti. Kinyozi aliona machozi, akamshika bega.

"Niambie tu. Wamekukataa?"

"Wamepokea. Wanasema kazi ni safi. Wanauliza kama naweza kuchukua mkutano wa siku mbili, na wanauhitaji haraka."

Kinyozi alishusha pumzi. "Na wewe unasemaje?"

"Nasema nenda ukapike, mume wangu. Mimi niko kazini."